Kikombe cha Dawa na Masafa ya Ngara

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama wa matawi, yanayochapishwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuwahi kuhudhuria.)

Hatukukuiteni leo kwa khabari ya uchaguzi, wala ya karafuu, wala ya bei ya mchele, ijapokuwa mambo hayo yote yana siku zake. Tumekuiteni kwa khabari ya unga, maradhi ambayo karibu kila mtaa wa mji wetu una nyumba iliyoingiliwa nayo. Na twajua kwamba baadhi yenu mtastaajabu mkisikia kuwa katika maneno haya tutakwenda mbali, mpaka wilaya za Ngara na Biharamulo katika mkoa wa Kagera, upande ule ambao nchi inamalizikia penye mipaka ya Rwanda na Burundi, na ambako wengi wetu hatujapata kutia mguu. Mwenye kuuliza, "Sisi na Ngara wapi na wapi?" twamwomba astahamili kidogo, kwani jawabu yake imo ndani ya tarehe mbili.

Mwaka 1983 wagonjwa 3 wa mwanzo wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Watu wa huko waliyaita maradhi hayo Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa kutoka Uganda siku hizo. Sisi visiwani tuliisikia khabari hiyo kama tunavyosikia ngano za nchi za mbali, tukasema Mungu apishe mbali, tukaendelea na shughuli zetu. Mwaka 1986, katika spitali ya Mnazi Mmoja, wakatambuliwa wagonjwa 3 wa mwanzo wa Zanzibar. Miaka mitatu, basi. Hatuyasemi haya ili kuwatia lawamani watu wa Kagera, ambao walizika watu wao mpaka wakachoka kuchimba. Twayasema ili ieleweke kwamba masafa baina ya mpaka ule na kitanda cha Mnazi Mmoja ni mafupi kuliko yanavyoonekana katika ramani ya skuli.

Unga nao umeshika njia hiyo hiyo, lakini kwa kurudi nyuma: umeanza kwetu pwani, ukaelekea bara. Wazee wetu waliijua afyuni kwa jina na kwa harufu, lakini heroini iliingia visiwani katika miaka ya 1980. Hutokana na afyuni inayolimwa Afghanistan, hupikwa, hushushwa mwambao wa Makran ulio katika Iran na Pakistan, kisha hupakiwa majahazini ikaja kwa njia ya bahari ambayo babu zetu waliijua kwa tende na mazulia. Kwanza vijana waliuvuta. Ilipokaribia mwaka 2000 sindano ikashika nafasi, na pamoja na sindano yakaja maradhi ya damu. Uchunguzi uliofanywa Unguja mwaka 2007 ulionyesha kuwa katika kila watu 100 wenye kujichoma, 16 walikuwa na virusi vya UKIMWI, ilhali katika wananchi kwa jumla hakufikia hata mmoja katika 100. Huko Dar es Salaam, mwaka 2005, walikwisha kupatikana watu waliokuwa wakijichoma, kisha wakavuta damu yao ndani ya bomba na kumpa mwenzao asiyekuwa na fedha ili naye aonje kilichobakia. Neno hili linachukiza kulisoma. Lakini anayeona vibaya kulisoma na afikiri hali ya aliyelifanya.

Hapa tuseme jambo moja kwa njia ya kando. Lugha yetu imempa mnunuzi wa unga jina la teja, yaani mteja, mtu wa kununua, na jina hilo tunamtupia mtoto wa jirani kama jiwe. Muuzaji tumempa jina gani? Tumemwita tajiri. Na tuliposhangilia wakamatwaji, aghalabu waliojaa ndani ya gari walikuwa mateja.

Tukirejea kwenye Ngara na Biharamulo, hatusemi kwamba mitaa ya huko imejaa unga kama ilivyojaa mitaa yetu. Tunasema kwamba zipo njiani, na njia yenyewe tunaijua. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Kigali na Bujumbura hupita Dodoma, Singida na Kahama, huingia wilaya ya Biharamulo kwa Nyakanazi na Lusahunga, hupanda Nyakahura, kisha huingia Ngara, na huko hugawanyika, haya yakaenda daraja la Rusumo na yale yakaenda Kabanga. Daraja jipya la Rusumo pamoja na kituo cha pamoja cha mpakani vilizinduliwa mwaka 2016, na tangu hapo mwendo wa magari umekuwa mwepesi zaidi. Palipo na malori yanayolala pana madereva, pana mama ntilie, pana vijana wa kupakua mizigo, pana wanawake wanaotafuta riziki usiku. Mambo yalikuwa hivyo hivyo katika njia ya Mbeya na katika mji wa Mwanza, na leo miji hiyo ina kliniki za kutibu watu waliotekwa na heroini. Serikali haijengi kliniki ya namna hiyo mahali pasipo wagonjwa. Kwa hiyo anayesema kuwa unga ni maradhi ya pwani tu, anasema maneno yale yale tuliyoyasema sisi juu ya Juliana.

Sasa tuitazame dawa yenyewe, kwani watu wengi wanaizungumza bila ya kuijua. Mwili uliozoea heroini ukiikosa humwadhibu mwenyewe: mifupa huuma, tumbo huendesha, makamasi hutoka, baridi humshika mtu juani, usingizi humkimbia. Vijana huiita hali hiyo arosto. Mtu aliye katika arosto hatafuti raha wala ulevi, hutafuta kupona saa ile tu, na kwa ajili ya saa ile ataiba sufuria ya mama yake ikiwa ingali jikoni na wali ndani yake. Methadoni ni dawa ya ukoo huo huo wa afyuni, lakini hunywewa katika kikombe, hukaa mwilini siku nzima na zaidi, huiondoa arosto, na mtu aliyepimiwa sawasawa halewi. Hula, hulala, huoga, hutafuta kazi. Hapana sindano, kwa hiyo hapana damu ya mwenzake. Shirika la Afya Duniani liliitia dawa hii, pamoja na nyingine iitwayo buprenofini, katika orodha yake ya dawa za lazima mwaka 2005. Mauritius, kisiwa kama sisi, waliianza mwaka 2006. Muhimbili ilifungua kliniki yake mwezi wa Februari 2011, nayo ikawa ya mwanzo ya umma katika bara la Afrika kusini ya Sahara. Kenya ikafuata mwisho wa 2014 katika spitali ya Mathari mjini Nairobi, na sisi tukafungua yetu Kidongo Chekundu mwaka 2015.

Wako wanaosema kwamba hayo ni kubadilisha unga kwa unga. Twawaheshimu, kwani wengi wao ni watu wa dini na hawakusudii ubaya. Lakini mgonjwa wa sukari anayejidunga insulini kila siku ya maisha yake hatumwambii kuwa ametekwa na insulini. Na wako wanaosema kuwa nyumba za kuachia unga, ambazo vijana wetu huziita soba hausi, zinatosha. Nyumba hizo, ambazo hapa kwetu zilianza mwaka 2009 kwa juhudi za waliokuwa watumiaji wenyewe, ni fahari yetu, na zimewarejesha watu wengi kwa wazee wao. Walakini twapenda kila mzee ajue hatari moja. Mtu akikaa bila ya unga miezi kadhaa, ama katika nyumba hizo, ama katika jela, mwili wake husahau uzoefu. Akiteleza siku moja akarudia kipimo chake cha zamani, pumzi husimama. Wengi tuliowazika tukadhani wameuawa na unga mkali waliuawa na kipimo chao wenyewe cha zamani. Kwa hiyo njia hizi mbili hazigombani, na mgonjwa achague inayomfaa, na akishindwa moja aipate ya pili.

Ndugu Wanachama, sasa tumefika mahali tulipotaka kufika. Methadoni hunywewa kila siku. Si kila wiki, wala si mtu ahisipo vibaya. Mgonjwa husimama mbele ya muuguzi, hunywa, hufungua kinywa aonekane amemeza, huenda zake, na kesho hurudi. Akikosa siku chache mfululizo hawezi kupewa kipimo kile kile, huanzwa tena kidogo kidogo, na katika siku hizo arosto humrejesha maskani. Kwa sababu hiyo, wema wa dawa hii haupimwi kwa wingi wa chupa zilizomo ghalani. Hupimwa kwa idadi ya hatua kutoka mlango wa mgonjwa mpaka mlango wa kliniki. Watu wa Pemba hawana haja ya kufundishwa somo hili. Kliniki ilipofunguliwa Kidongo Chekundu mwaka 2015, kijana wa Wete au wa Mkoani aliyekitaka kikombe kile hakuwa na njia ila kuhama kwao, avuke bahari, aje kuwa mgeni mjini, karibu na wale wale wanaouza kitu alichokikimbia.

Basi mchukueni kijana huyo mumweke Ngara. Kliniki ya upande wa Ziwa ilifunguliwa katika spitali ya Sekou Toure, Mwanza. Kutoka Ngara mjini mpaka Mwanza ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara. Zamani msafiri alingoja pantoni penye ghuba ya Busisi, na tangu tarehe 19 Juni 2025 anapita juu ya daraja, jambo ambalo ni la kheri na hatuna choyo cha kulisifu. Lakini daraja halimpelekei mtu kikombe kila asubuhi. Hata dawa ikiwapo Bukoba, makao makuu ya mkoa wake mwenyewe, ni zaidi ya kilomita 200. Nauli ya kwenda na kurudi kwa siku moja humaliza mapato ya wiki ya mkulima wa ndizi na maharage. Na mwanamke je, mwenye mtoto mgongoni? Katika kliniki zote za Tanzania wanawake ni wachache mno, wala si kwa sababu hawatumii. Ni kwa sababu njia ya kwenda huonekana na watu, na anayeonekana akiipita hupoteza jina lake kabla ya kupata dawa.

Serikali zetu mbili zitajibu kwamba nyenzo hazipo. Mambo ya afya si ya Muungano, kila upande una wizara yake na chombo chake cha kupambana na dawa za kulevya, kwa hiyo jawabu hii tunaisikia mara mbili kwa sauti mbili. Sisi twasema Ngara na Biharamulo ndizo shahidi wetu kwamba nyenzo zinakuja zikitakiwa. Mwisho wa Aprili 1994 watu kiasi cha 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama siku moja wakikimbia Rwanda. Katika uwanda wa Benaco, ambako hapakuwa na mji, pakawa na mahema, matangi ya maji, zahanati na dawa kwa muda wa wiki chache. Mwezi wa Januari 2025 homa ya Marburg ikazuka Biharamulo. Kwanza wizara ilisema vipimo havikuonyesha kitu, kisha tarehe 20 Januari Rais mwenyewe akathibitisha kuwa maradhi yapo. Waganga wakaenda, mahabara ya kuhamishika ikawekwa huko huko karibu na wagonjwa, watu waliogusana na wagonjwa wakafuatwa nyumba kwa nyumba, na tarehe 13 Machi ikatangazwa kuwa mripuko umekwisha. Walikufa watu 10, na kila mmoja wao ni msiba. Lakini hakuna aliyesema wakati huo kwamba Biharamulo ni mbali.

Tarehe ile ile, 20 Januari 2025, Rais mpya wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nchi za nje kwa siku 90. Wengi wetu hatukuzikutanisha khabari hizi mbili, kwani moja ilikuwa ya Dodoma na nyingine ya Washington. Wenye wagonjwa walizikutanisha. Kliniki ya Muhimbili ilifunguliwa kwa msaada mkubwa wa fedha za Marekani kupitia mfuko wao wa UKIMWI, PEPFAR, na vituo vingi vilivyofuata viliegemea mkono huo huo. Hatuwatukani waliotusaidia, maana mwenye kukupa maji siku ya kiu humlaumu kisimani. Twailaumu nchi yenye umri wa zaidi ya miaka 60 ya uhuru, ambayo imewahudumia kwa dawa hii watu zaidi ya 10,000, na bado uhai wao unatingishika kwa kalamu ya mtu aliye ng'ambo ya bahari ambaye hakuchaguliwa nasi. Fedha za methadoni ziwekwe katika bajeti, kwa kifungu chake chenye jina lake, kisomwe hadharani kila mwaka katika Baraza la Wawakilishi na katika Bunge, ili tukiona kimepunguzwa tujue nani amepunguza.

Na fedha si nyingi kama wanavyotutisha, ikiwa watakubali kuacha fikira kwamba dawa hii lazima ikae ndani ya jengo kubwa la mkoa. Kagera yenyewe imekwisha kutufundisha. Dawa za UKIMWI zilipoanza kutolewa bure na serikali mwisho wa 2004 zilitolewa katika spitali kubwa, na mgonjwa wa kijijini alikufa akiwa na karatasi ya rufaa mfukoni. Baadaye zikashushwa mpaka vituo vya afya na zahanati, muuguzi akaruhusiwa kutoa kazi iliyokuwa ya daktari, na mgonjwa aliyetulia akapewa vidonge vya miezi mitatu kwa mara moja. Kwa nini isiwe hivyo kwa methadoni? Daktari wa Mwanza amwanzishe mgonjwa na ampime mpaka kipimo kitulie, kisha amkabidhi kwa spitali ya Murgwanza au Rulenge katika Ngara, au kwa spitali ya Biharamulo, ambako pana sanduku la kufunga kwa ufunguo na muuguzi wa kuaminika, kwani dawa nyingine za hatari zinawekwa huko siku zote. Mgonjwa aliyethibitika apewe ya siku kadhaa aende nayo nyumbani. Tunajua pingamizi, kwamba ataiuza. Mmoja katika wengi ataiuza, na wengi hawatajitupa tena katika arosto kwa sababu ya mvua iliyokata barabara. Iko pia sindano ya buprenofini inayodumu mwezi mzima kwa mchomo mmoja. Kwa Lusahunga na kwa Micheweni hiyo ingekuwa kama imetengenezwa kwa ajili yao, na inayobakia ni bei yake, ambayo serikali zikinunua kwa pamoja zinaweza kuishindania.

Jambo jingine ni naloksoni. Mtu aliyezidiwa na heroini hufa kwa kukosa pumzi, na naloksoni, kwa sindano au kwa kupulizwa puani, huirejesha pumzi ndani ya dakika chache. Tangu mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba wapewe hata watu wa kawaida walio karibu na watumiaji, yaani mama, ndugu, rafiki wa maskani, si daktari peke yake. Dawa hii hailevyi, na haina kazi nyingine ila hiyo. Twauliza ni vituo vingapi vya polisi katika Unguja na Pemba vinayo, ambavyo gari lake hufika kabla ya gari la wagonjwa.

Na kuhusu polisi tuna neno moja tu. Mwenye kuleta unga kwa jahazi na ashikwe, na sheria imekwisha kumwekea kifungo cha maisha. Lakini mwenye kwenda kunywa kikombe chake asisimamishwe mlangoni mwa kliniki, wala asipekuliwe njiani, kwani mmoja akikamatwa asubuhi hiyo, kumi hawatakuja kesho yake.

Kwa hiyo tumekubaliana na makatibu wa matawi kama ifuatavyo. Kila tawi liandike, bila ya majina ya watu, ni wangapi katika mtaa wake wanaohitaji dawa na hawaipati, na kwa sababu gani: masafa, nauli, aibu, au kukataliwa. Jambo hili lifanywe kwa adabu, mama aulizwe na mwanamke mwenziwe, wala isiwe sababu ya umbeya. Karatasi zifike kwa katibu kabla ya kikao kijacho cha Baraza, ambapo wawakilishi wetu watauliza fedha za methadoni za mwaka huu zimetoka mfuko gani na zitatosha mpaka mwezi gani. Wenzetu walio katika Bunge wameombwa waulize upande wa pili: ni spitali ipi katika Ngara, na ipi katika Biharamulo, itakayoanza kutoa kikombe hicho, na kuanzia tarehe gani.